Unasihi vyuoni unaweza kumrudisha mwanafunzi anayeelekea kwenye itikadi kali, au tunawabebesha wanasihi kazi ya polisi?

Mwana wa Mikindani

Habari zenu wanajukwaa. Ninasoma mwaka wa 3 katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini, nami naleta jambo ambalo halijanitoka moyoni tangu muhula uliopita. Tulikuwa wanne chumbani, tukipika kwa zamu na kula katika sinia moja. Mmoja wetu, kijana mpole wa Tandahimba aliyekuwa akitufundisha takwimu usiku wa kuamkia mitihani, alianza kupakua chakula chake peke yake na kula akiwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza ukutani, simu ameiegemeza kwenye daftari na masikio yote mawili ameyaziba kwa spika za masikioni. Mavazi yake hayakubadilika wala ndevu hakufuga. Kilichobadilika ni neno "sisi". Zamani "sisi" ilikuwa watu wa chumba chetu. Baadaye "sisi" ikawa watu ambao hatukuwahi kuwaona, nasi wenzake tukawa "nyinyi".

Nilikwenda ofisi ya ushauri nasaha. Ni mlango uleule wanakoitwa wanafunzi wenye kesi za nidhamu. Ofisa alinipokea vizuri, akanipa kiti, halafu kabla sijamaliza sentensi ya pili akavuta fomu yenye nafasi ya jina la mwanafunzi, namba ya usajili na dini yake. Nilisema nitarudi kesho, na sikurudi. Baada ya likizo mwenzangu naye hakurudi chuoni. Naomba kuuliza kwa dhati: je, unasihi unaweza kweli kumzuia kijana kama huyu asipotelee kwenye misimamo mikali, na je, nilipaswa kuandika lile jina?

Korosho Daraja la Kwanza

Pole sana kijana, lakini ulipaswa kuandika. Sisi wa Mtwara hatuna anasa ya kulizungumza jambo hili kama watu wa mbali. Tarehe 5 Oktoba 2017 wale vijana wenye silaha na itikadi kali walivamia mji wa Mocímboa da Praia, Msumbiji, na Oktoba 2020 wakavuka mto Ruvuma hadi kijiji chetu cha Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Shangazi yangu alitembea usiku ule na wajukuu wawili, mmoja mgongoni na mwingine akimvuta mkono, na hadi leo akisikia pikipiki baada ya saa 4 usiku anazima taa. Pale chuo kikuu cha Garissa, Kenya, mwaka 2014 wanafunzi waliuawa wakiwa mabwenini mwao. Mtu akiona dalili, aseme kwa wenye mamlaka. Mnasihi atakaa na kijana mwezi mzima akimwuliza anajisikiaje, na wakati huo kijana ameshavuka mto.

Dada wa Chuno

Poleni kwa yaliyompata shangazi. Naomba tu kusahihisha kuhusu Garissa, kwa sababu usahihi wake unagusa hoja yenyewe. Shambulio lile lilikuwa tarehe 2 Aprili 2015 na watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa washambuliaji alikuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu katika kaunti ya Mandera. Mzee yule alikuwa ameshatoa taarifa kwa mamlaka kwamba mwanawe haonekani. Taarifa ilitolewa, tena na chifu, na msiba ukatokea. Sisemi kwamba watu wasitoe taarifa. Nasema kwamba pengo lilianza mapema zaidi, wakati kijana yule bado anaingia darasani, na hapo ndipo swali la mleta uzi lilipo.

Mnasihi wa Mitwero

Nimefanya kazi ya unasihi kwa miaka mingi, kwanza katika shule za sekondari mkoani Lindi na baadaye chuoni, hivyo naomba nieleze kazi yenyewe, kwa maana naona tunaigombea bila kuitazama.

Watu wengi huchanganya ushauri na unasihi. Mshauri anakwambia la kufanya: badilisha kozi, nenda Bodi ya Mikopo, mwone mwalimu fulani. Mnasihi hakuelekezi. Anakusikiliza kwa mpangilio, anakurudishia maneno yako mwenyewe ili uyasikie vizuri, anauliza maswali ambayo hayajibiki kwa ndiyo au hapana, na ananyamaza pale ambapo watu wengine wangeingilia. Kijana anayeingia ofisini akisema "watu wa serikali wote ni makafiri" au "kila asiye wa kanisa letu ataungua", akikutana na mhadhara wa kumpinga, anaondoka akiwa na nguvu zaidi, kwa sababu alishaambiwa kwamba atapingwa. Akiulizwa "ulianza lini kuliona hivyo, na siku ile kulikuwa na nini?", mara nyingi hasimulii dini hata kidogo. Anasimulia kufeli, kuachwa, kudhalilishwa mbele ya darasa, au baba aliyefariki akaacha mashamba yakagombewa. Itikadi kali inampa maelezo yaliyo tayari ya maumivu ambayo hakuwa na maneno yake. Kazi yangu ni kumsaidia ayapate maneno yake mwenyewe kabla hajaazima ya watu wengine.

Kazi hiyo haiwezekani bila usiri, na fomu aliyoonyeshwa kijana wetu kabla hajasikilizwa ilikuwa kosa kubwa la kitaaluma. Hata hivyo usiri una mpaka. Mwaka 1969 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimweleza mwanasaikolojia wake kwamba anakusudia kumwua msichana anayeitwa Tatiana Tarasoff. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, wakamshika, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Msichana hakuambiwa kitu, na aliuawa Oktoba mwaka huohuo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo la California ilitamka kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda mtu aliyetishiwa. Hukumu ile si sheria ya Tanzania, lakini imesomwa na wanasihi duniani kote, na ndiyo sababu mnasihi mzuri humwambia mteja wake tangu dakika ya kwanza: yote utakayosema yatabaki hapa, isipokuwa ukiniambia unataka kujiua au kumdhuru mtu.

Kaka wa Nachingwea

Asante mzee wangu kwa maelezo haya. Mimi nataka kuongeza kwamba mnazungumza kama vile njaa haipo.

Nilipokuwa mwaka wa 1, bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilichelewa na sikuwa na mtu wa kumwomba, kwa sababu nyumbani walikuwa wanasubiri mnada wa korosho. Nilikunywa uji wa chumvi siku 4 mfululizo. Siku ya 5 kijana mmoja jirani yangu bwenini akanialika kwenye ibada ya nyumbani mtaa wa pili, na baada ya ibada kulikuwa na ugali na samaki. Waliniuliza jina la mama yangu wakalikumbuka wiki iliyofuata. Baada ya miezi 2 nilikuwa ninafunga siku 3 kila wiki, nimeacha kuzungumza na dada yangu kwa sababu aliolewa na Mwislamu, na kiongozi wetu alikuwa ametuambia kwamba mitihani ya mwisho wa mwaka ni alama ya mnyama. Sikufanya mitihani miwili.

Hakuna polisi angenitilia shaka. Nilikuwa ninavaa shati jeupe na kubeba Biblia. Lakini tukumbuke Kanungu nchini Uganda, Machi 2000, watu walivyoteketea ndani ya kanisa, na tukumbuke Shakahola nchini Kenya mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa. Tukisema itikadi kali huku tunatazama msikiti peke yake, tunawaacha vijana wengi njiani. Aliyenirudisha mimi alikuwa mpishi wa kantini, mama mmoja aliyenipa chakula kwa mkopo bila kuniuliza kitu, akanipigia simu dada yangu kwa simu yake na kunishikisha.

Binti wa Shangani

Kaka wa Nachingwea, Mungu akulipe kwa kulisema hili, maana mimi nilikuwa ninasita kuandika. Ninavaa nikabu. Ninasoma uhasibu. Ninapoingia darasani siku ya kwanza ya muhula, ninaona wenzangu wanavyosogeza mabegi. Semina ya usalama ilipoletwa chuoni kwetu, mtoa mada alitaja dalili za msimamo mkali, na dalili 3 kati ya alizozitaja zilikuwa mambo ambayo baba yangu, fundi cherehani wa miaka 60, ameyafanya maisha yake yote: kuswali jamaa kila kipindi, kutosikiliza muziki na kuvaa suruali isiyovuka vifundo vya miguu. Baada ya semina hiyo, ni mwanafunzi yupi Mwislamu atakayeingia ofisi ya unasihi kueleza kwamba amechanganyikiwa kiimani?

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2015 inayovibebesha vyuo vikuu wajibu wa kuzuia watu kuvutwa kwenye ugaidi, na vyama vya wanafunzi na vya wahadhiri vikalalamika kwamba walimu wanageuzwa kuwa wapelelezi. Na ripoti ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2017, iliyowahoji watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi yenye silaha barani Afrika, ilikuta kwamba asilimia 57 walikiri kuwa na uelewa mdogo wa vitabu vya dini au kutokuwa nao kabisa, na asilimia 71 walitaja kitendo cha vyombo vya dola, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Kwa hiyo anayesema "peleka jina" aelewe kwamba jina likipelekwa vibaya linaweza kuwa ndiyo hatua ya mwisho yenyewe.

Korosho Daraja la Kwanza

Dada wa Chuno, nimepokea sahihisho la mwaka. Binti wa Shangani, takwimu zako sizikatai, ila watu wale walihojiwa katika nchi kama Somalia na Nigeria, ambako vita imekaa miaka. Hapa kwetu dola haijafika huko, na naona si haki kuifanya sababu kuu. Kuhusu semina ile nakubaliana nawe kabisa: kuhesabu suruali ni uvivu wa mtu aliyelipwa posho. Bado sijajibiwa swali moja. Mnasihi anapata wapi wasaa wa kumkaribisha kijana ambaye hataki kuja? Aliyekula uso ukutani hakwenda ofisini. Aliyekwenda ni mwenzake.

Halafu nimewahi kusoma kwamba wanaoingia kwa wingi ni wanafunzi wa uhandisi. Kama ni kweli, basi suala ni aina ya masomo.

Mhandisi wa Madimba

Mkuu, umenigusa kwenye kazi yangu, na kwa kuwa wewe ni Mmakonde na mimi Mngoni, utani wetu unakuruhusu, lakini tuliweke sawa. Watafiti Diego Gambetta na Steffen Hertog walionyesha kwamba wahandisi walionekana kupita uwiano wao miongoni mwa wanachama wasomi wa makundi ya jihadi. Maelezo yao mojawapo ni matarajio yaliyovunjika: kijana anasoma kozi ngumu, familia nzima inamtegemea, anahitimu na kukuta milango imefungwa. Wakaongeza jambo la hulka, yaani kupenda majibu yasiyo na utata. La hulka siwezi kulipima. La matarajio nimeliona kwa macho yangu.

Mwaka 2013 nilikuwa sekondari hapa Mtwara wakati wa vurugu za bomba la gesi, Januari na tena Mei. Wengi wetu tulichagua masomo ya sayansi kwa sababu tuliambiwa gesi itatuajiri. Bomba lilikwenda Dar es Salaam. Katika darasa letu la vijana 38, walioajiriwa kwenye gesi tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeshika silaha, namshukuru Mungu, lakini maneno ya kwamba "hii nchi si yetu" niliyasikia kwa vijana wa dini zote na wasio na dini. Mnasihi atamsaidia mtu kubeba kinyongo chake. Nani atakipunguza kinyongo chenyewe?

Bibi wa Newala

Wajukuu zangu, nimesoma yote pamoja na kijana wangu anayenisomea maandishi madogo. Naona mnatafuta kitu ambacho tulikuwa nacho.

Mtoto wa kiume alipopelekwa jandoni hakupelekwa peke yake. Alikuwa na mtu mzima wake, ambaye si baba wala mama, aliyekaa naye porini, akamfundisha, akamlisha, akamtunza jeraha. Msichana naye alikuwa na somo wake. Somo yule hakuwa wa wiki mbili. Nilipogombana na mume wangu nikiwa na watoto watatu, nilikwenda kwa somo wangu, na aliyoyasikia alikwenda nayo kaburini. Leo jando linafanyika hospitalini kwa siku moja, au likizo fupi mwezi wa 12, watoto wanapewa zawadi na muziki wa spika, basi. Kijana anafika chuoni akiwa na umri wa miaka 20 na hakuna mtu mzima hata mmoja asiye mzazi wake anayejua siri yake. Yule wa kwenye simu anaichukua hiyo nafasi. Msishangae.

Na huyo mpishi wa kantini alifanya kazi ya somo. Mwambieni bibi wa Newala amemsalimu, akipita huku atapata ming'oko ya moto.

Mnasihi wa Mitwero

Shikamoo bibi. Umesema neno ambalo vyuo vyetu havijalifikiria vya kutosha. Ninasita mahali pamoja tu: somo na kungwi walifanya kazi kwa amri na kwa hofu, aliyekosea alichapwa, na siri nyingine zilizolindwa zilikuwa za kuwaumiza watoto. Unasihi hauwezi kurudi huko. Lakini ule uhusiano wa mtu mzima mmoja na kijana mmoja kwa miaka kadhaa ni jambo ambalo wenzetu wamelirudia kwa majina mengine. Mji wa Aarhus nchini Denmark, vijana wake walipoanza kwenda kwenye vita vya Syria, uliwapa waliokuwa hatarini na waliorejea walezi binafsi wa kukutana nao mara kwa mara, kunywa nao kahawa na kuwasaidia kupata nyumba, shule au kazi. Mlezi alichaguliwa awe mtu anayeweza kubishana na kijana juu ya siasa na dini bila kukasirika.

Hii inamjibu pia ndugu Korosho kuhusu kijana asiyekuja ofisini. Ofisi yenye meza haitamfikia. Watakaomfikia ni wenzake wa chumbani, viongozi wa madarasa, mama wa kantini, na wale wa vyama vya kidini vya wanafunzi, kama UKWATA na CASFETA vya Kikristo na TAMSYA cha Kiislamu, wakifundishwa mambo machache: kuuliza bila kushtaki, kutomwacha peke yake, na kujua ni lini jambo limezidi uwezo wao. Na mgonjwa wa akili asichanganywe na mwenye itikadi. Anayesikia sauti apelekwe hospitali ya Ligula akatibiwe.

Dada wa Chuno

Mnasihi wetu, mfano wa Aarhus ni mzuri, ila tuutaje mzima. Ni kweli kwamba hadi mwisho wa mwaka 2013 vijana wapatao 30 wa mji ule walikuwa wamekwenda Syria, na mwaka 2014 aliondoka 1. Lakini mpango ule uliendeshwa na polisi na manispaa kwa pamoja. Polisi ndio waliopokea simu za wazazi. Kwa hiyo mfano huu hautenganishi unasihi na polisi kama tunavyotaka wengine.

Korosho Daraja la Kwanza

Ndicho nilichokuwa ninakisema.

Binti wa Shangani

Polisi wa Aarhus anapopokea simu ya mzazi, mzazi yule anajua kwamba mwanawe atapewa mlezi na nafasi ya shule. Mama yangu akipiga simu kama hiyo hapa, ana uhakika gani kwamba atajua mtoto wake analala wapi usiku ule? Kaka Korosho, mimi nami ni mtoto wa mpakani, bibi yangu ni Mmakonde wa ng'ambo, na walioukimbia mji wa Palma, Msumbiji, uliposhambuliwa mwaka 2021 ni ndugu zangu wa damu. Ninawachukia wauaji wale kuliko unavyodhani. Ninataka tu mlango ambao ninaweza kumpeleka mdogo wangu bila kujuta.

Korosho Daraja la Kwanza

Dada, neno lako limeniingia. Sikujua kuhusu ndugu zako wa Palma. Poleni sana. Msimamo wangu juu ya taarifa unabaki palepale pale ambapo silaha imetajwa au safari imepangwa. Kabla ya hapo, nakubali kwamba mlango unaousema ungekuwepo ningemshauri hata mwanangu aupite.

Mwana wa Mikindani

Nawashukuru wote. Nimesoma uzi huu mara tatu. Baada ya mchango wa Kaka wa Nachingwea nilijiuliza kama tulimwuliza mwenzetu hata mara moja alikuwa anakula nini siku ambazo si zamu yetu ya kupika, na jibu ni hapana. Juzi nilimwomba mwakilishi wa darasa namba ya nyumbani kwao, nikapiga. Akapokea yeye mwenyewe. Yuko Tandahimba, anapalilia mikorosho ya mjomba wake. Sikumwuliza juu ya aliyokuwa akiyatazama kwenye simu wala juu ya dini. Nilimwambia kwamba swali la 4 la takwimu limetushinda tangu aondoke. Alinyamaza kwa muda mrefu nikadhani simu imekatika, kisha akaniambia nimtumie picha ya swali. Nimeituma. Hajajibu, ila alama zinaonyesha kwamba ameifungua.

Mzee wangu wa Mitwero, nifanye nini baada ya hapa? Na akijibu, nimwambie kwamba nilikwenda ile ofisi?

Mnasihi wa Mitwero

Hilo la ofisi mwambie, lakini ana kwa ana, siku atakapokuuliza mwenyewe kilichotokea alipoondoka. Akijibu swali la 4, mtumie la 5. Jumamosi nitakuwa Mtwara mjini kuanzia saa 3 asubuhi. Nitumie ujumbe wa faragha tukutane ufukweni Shangani, si ofisini kwa mtu, na jina lake usinitajie.